Usilaumu Upinde: Mishale ya Mti, Kutoka Ufito Hadi Unyoya

Mshale ukienda kombo, wa kwanza kulaumiwa ni upinde. Mara mti wake umelegea, mara uzi umechoka, mara umechongwa upande. Mwenyewe anatafuta upinde mwingine, anarudi uwanjani na mishale ile ile, nayo inakwenda kombo vile vile. Kuanzia Nakuru hadi Kisumu kuna pinde nzuri zilizotundikwa ukutani kwa kosa lisilo lao. Upinde ukishachongwa vyema hukaa miaka. Mishale ndiyo kazi isiyokwisha, nayo ndiyo inayoamua kama utapiga gunia au ua la jirani.

Kwanza sheria, tulimalize. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 imefunga hata uwindaji wa kitoweo. Kwa hiyo mshale wa humu ni wa shabaha: gunia, bale la nyasi, godoro kuukuu. Barabarani upinde ubebwe uzi umefunguliwa na mishale ikiwa ndani ya podo lenye kifuniko, maana anayekuona kwa mbali hajui unakwenda kulenga nini.

Ufundi wenyewe ni ule ule wa wazee, na wazee hawakuwa na mshale mmoja wa kila kitu. Wa ndege ulikuwa mti mtupu wenye kichwa butu. Wa mnyama ulikuwa na chembe (ncha ya mbele) cha chuma chenye miiba. Wafugaji wa Kikalenjin walikuwa na mshale wa kumtoa ng'ombe damu: chembe kifupi, na nyuma yake kizuizi, ili uingie kwenye mshipa wa shingo kiasi cha kutoboa tu na usipite hapo. Mshipa ulifungwa ukamba ukavimba, na mpigaji akasimama karibu na upinde mdogo. Aliyebuni kile kizuizi alijua jambo ambalo wachongaji wengi wa leo wanalisahau: urefu, uzito na kichwa cha mshale hupangwa kwa kazi yake. Ukiukuta mshale wa zamani kwa babu, tena wenye weusi uliokauka kwenye chembe au uliofungwa ngozi hapo mbele, usiuguse kwa vidole. Sumu ya mti wa Acokanthera hudumu miaka mingi, na mkwaruzo mdogo unatosha.

Sasa mti. Njia ni mbili: ufito uliokua wenyewe, au kijiti kilichopasuliwa kutoka kwenye ubao. Ninapendelea ufito, ingawa unataka subira zaidi, kwa sababu nyuzi za mti wake zinatoka mwanzo hadi mwisho bila kukatwa na msumeno. Mkole ndio mti wa kwanza kuutafuta: mgumu, unapinda bila kuvunjika, na ukikatwa chini hutoa machipukizi marefu. Kwenye miteremko ya mawe kama ya Menengai kuna Dodonaea, kichaka chenye majani yanayonata, nacho hutoa fito nzuri nzito. Leleshwa imejaa kuanzia Gilgil hadi Nakuru na humvutia kila mgeni wa kazi hii, lakini kwenye kichaka kizee utazunguka asubuhi nzima upate fito tatu zilizonyooka. Siri ni kukata kichaka hadi chini, kwenye shamba lako au kwenye ua lako, kisha kurudi baada ya msimu mmoja au miwili. Chipukizi linalokimbilia jua halina muda wa kutoa matawi. Msitu wa serikali uache, hauingiwi na panga bila kibali.

Kando ya ziwa, upande wa Kisumu, kuna matete. Mshale wa tete ni mwepesi na unapendeza, ila huwezi kuutumia ulivyo. Mbele unahitaji kipande cha mti mgumu cha sentimita 12 hadi 15, kilichochongwa kiingie ndani ya tete sentimita 4 au 5 na kufungwa uzi kwa nje, na nyuma unahitaji kizibo cha mti pale uzi wa upinde utakapokaa. Bila kizibo, tete litapasuka kama ganda la njugu siku ya kwanza. Mafunjo usijisumbue nayo. Yanafanana na matete kwa macho ya haraka, lakini ndani ni sponji.

Fito hukatwa wakati wa ukavu, Januari na Februari, kabla mvua za masika hazijapandisha maji kwenye mti. Kata zenye unene wa milimita 11 hadi 13 upande wa chini pamoja na gome, urefu wa sentimita 90 hata kama mshale utakuwa wa 75, kwa sababu ncha zote mbili zitapasuka kidogo na utazikata. Ukitaka mishale 12, kata fito 30. Idadi hiyo huonekana ya uchoyo hadi ufike mwisho wa kazi.

Paka ncha nta au rangi yoyote iliyobaki, funga fito katika mafungu ya kumi kumi, kaza kamba sehemu nne, weka kivulini penye upepo. Gome liache kwa wiki mbili za kwanza. Ukilimenya siku ile ile ya kukata, nje hukauka haraka kuliko ndani na mti unachanika kwa urefu. Ukiliacha miezi mitatu, wadudu watakuwa wameshahamia. Baada ya wiki mbili menya, funga tena, subiri wiki nne hadi nane. Kipimo cha ukavu ni mizani tu: chukua fito tatu, zipime kila Jumapili, na uzito usiposhuka kwa wiki mbili mfululizo, tayari. Kisumu kuna unyevu wa ziwa, kwa hiyo ongeza wiki mbili juu ya zile ambazo mtu wa Nakuru angesubiri.

Methali ya samaki mkunje angali mbichi haifai hapa. Ufito mbichi utanyooka mkononi, utafurahi, na kesho asubuhi utaukuta umerudia kombo lake. Unyooshaji wa kweli hufanywa ufito ukiwa mkavu, kwa moto. Washa jiko la makaa, ngoja makaa yawe mekundu bila ndimi za moto, shika ufito kama sentimita 10 juu yake ukiuzungusha pale penye kombo. Ukifika joto ambalo kidole hakivumilii, ondoa, kunja upande wa pili kupita kidogo pale unapotaka, ushikilie hivyo hivyo hadi upoe. Kupoa ndiko kunakoushikisha, na wengi huachilia mapema kwa sababu vidole vinaungua. Tumia kitambaa. Anza na kombo kubwa, vidogo baadaye. Ukianza na vidogo utavirudia vyote. Mti ukigeuka rangi ya chai ya rangi, umeshapita. Pale pameungua, na mti ulioungua hukatika ghafla kama biskuti.

Kukagua, funga jicho moja utazame kuanzia nyuma kwenda mbele, kisha uuviringishe juu ya kioo cha dirisha. Kioo hakina huruma. Mshale wenye kombo la milimita 2 utausikia ukigonga kioo, tak, tak, tak. Milimita moja katikati ya ufito mrefu isikunyime usingizi. Ila kombo la kiasi hicho kwenye sentimita 10 za nyuma ni lazima litoke, kwa sababu hapo ndipo uzi unaposukuma.

Njia ya pili ni saiprasi ya ubao. Wazungu wa Marekani wanasifu sana mti wao wa Port Orford kwa mishale, na ukifuatilia ukoo, mti ule na saiprasi yetu ni wa jamii moja. Tofauti ni kwamba saiprasi ya mashamba yetu hukua haraka, pete zake za ukuaji ni pana, na ni laini zaidi. Chagua ubao wenye pete nyembamba, usio na vifundo katika sentimita 80 mfululizo, na usikubali ukatiwe vijiti na msumeno wa mashine. Pasua. Weka panga juu ya kichwa cha ubao, gonga kwa nyundo ya mti, mti wenyewe ukuonyeshe nyuzi zake zinaelekea wapi. Ubao ukipasuka kwa mshazari, mishale yake ingepasuka kwa mshazari vile vile, na pengine mkononi mwako. Kuni hizo, si mishale.

Vipande vilivyopasuka chonga kwa randa viwe mraba wa milimita 11. Kisha ondoa kona nne upate pande nane, ondoa kona nane upate pande kumi na sita, halafu msasa. Kata mfereji kwenye kipande cha mbao, utandike msasa namba 80 ndani yake, upitishe kijiti ukikizungusha, kisha 120, kisha 220. Simama kwenye milimita 10 kwanza. Usikimbilie 9.

Sababu ya kutokimbilia ndiyo kiini cha kazi yote. Uzi unapoachiliwa, mshale haupiti mbele ya upinde ukiwa umenyooka. Unasukumwa kutoka nyuma huku ubavu wa upinde ukiwa njiani, kwa hiyo unapinda, unauzunguka upinde, unapinda upande wa pili, na kuendelea kutikisika kama samaki hadi manyoya yautulize. Mshale mgumu kupita kiasi hauzunguki. Unakwaruza upinde na, kwa mtu wa mkono wa kulia, unaangukia kushoto. Mshale laini kupita kiasi unazunguka mno na kuangukia kulia. Unyoofu, manyoya mazuri na rangi za kupendeza haziponyi jambo hili. Ukakamavu ukiwa sio, mshale sio.

Ukakamavu hupimika kwa kipande cha ubao na misumari miwili. Pigilia misumari hiyo ukutani au kwenye ubao uliosimama, ikiwa sawa kwa kimo na umbali wa sentimita 66 katikati yake. Laza kijiti juu yake. Nyuma ya katikati ya kijiti bandika rula, uandike usomaji. Kisha tundika katikati uzito wa gramu 907, ambazo ni ratili 2. Mfuko wa mchanga uliopimwa kwa mizani ya duka na kufungwa kwa waya unatosha, ila hesabu na waya. Soma tena rula. Tofauti ya milimita ndiyo kipimo chako: gawanya 660 kwa hiyo tofauti, upate ratili za upinde unaofaa, yaani nguvu ya kuuvuta. Kijiti kilichoshuka milimita 16.5 ni cha upinde wa ratili 40. Kilichoshuka milimita 13 ni cha ratili 50. Kilichoshuka 22 ni cha 30, cha upinde wa kijana anayejifunza.

Ratili za upinde wenyewe usizikisie. Upime kwa mizani ya ndoano kama ya wauza samaki: tundika mizani kwenye uzi, vuta hadi pale mkono wako unapofika, soma kilo, zidisha kwa 2.2. Kilo 18 ni kama ratili 40. Mkono wako unafika wapi? Nyoosha mikono yote miwili, mtu apime kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, gawanya kwa 2.5. Mtu wa sentimita 175 anavuta kama sentimita 70, na mshale wake uwe 74 au 75, ili chembe kisije nyuma ya vidole vya mkono wa upinde.

Upinde wa kienyeji, ule wa mti mmoja usiokatwa nafasi ya mshale kupita katikati, unataka mshale laini zaidi kuliko ratili zake: ratili 5 hadi 10 chini. Upinde wa 45, basi, tafuta mawano, yaani vijiti vya mshale, ya 35 hadi 40. Hapa ndipo wanaonunua mishale ya alumini au kaboni iliyotumika wanapojikwaa, wakidhani upinde ndio mbovu. Na kumbuka hesabu ya unene: ukipunguza wano kutoka milimita 9.5 hadi 9, umeondoa karibu moja ya tano ya ukakamavu wake. Nusu milimita tu! Ndiyo maana tunasimama kwenye 10, tunapima, tunapitisha msasa mara kumi, tunapima tena.

Pima kila wano mara mbili, ukiligeuza robo. Mti una upande mgumu na upande laini. Kwenye saiprasi upande mgumu ni ule ambao pete zinaonekana kama mistari myembamba iliyolala sambamba, na huo ndio utakaolalia upinde. Weka alama ya penseli sasa hivi, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinaitegemea. Panga mawano kwa makundi: seti moja isizidi tofauti ya ratili 5 kwa ukakamavu, wala gramu moja kwa uzito. Katika vijiti 12 vya saiprasi utapata seti ya sita, wakati mwingine nane. Vilivyobaki vitakuwa vya watoto au vya kufungia nyanya.

Uzito usiupuuze. Mshale mzima, na chembe na manyoya, uwe kama gramu 0.65 kwa kila ratili ya upinde: upinde wa 40, gramu 26 au zaidi. Chini ya gramu 0.5 kwa ratili usithubutu, kwa sababu nguvu ambayo mshale mwepesi hauichukui hurudi kwenye upinde, sawa na kufyatua upinde mtupu, na siku moja utapasuka usoni pako. Saiprasi ya 9.5 yenye urefu wa sentimita 75 ina kama gramu 24 peke yake, kwa hiyo uko salama. Mkole ni mzito zaidi na hauna shaka. Tete ndilo la kuangaliwa.

Pengo la uzi sasa, ule mkato wa nyuma ya mshale unamokaa uzi wa upinde. Funga pamoja majani mawili ya msumeno wa chuma kwa utepe, yakate kwa mpigo mmoja. Upana wake unalingana na uzi wa kawaida. Kina kiwe milimita 8. Mwelekeo ndio muhimu: pengo lipite likikata pete, lisifuate pete. Likifuata pete, uzi unakuwa kabari, na kila mshale ni kuni inayosubiri kupasuliwa. Lainisha ndani kwa msasa uliokunjwa. Kisha chini ya pengo, sentimita moja na nusu, funga uzi uliokazwa sana. Uzi bora ni kano. Nenda bucha uombe ile kano ndefu ya nyuma ya mguu wa ng'ombe, ikaushe juani wiki moja, igonge kwa jiwe laini hadi ifunguke kama katani, chambua nyuzi. Loweka uzi mdomoni au kwenye maji ya vuguvugu, zungushia. Ukikauka unajikaza wenyewe na hauhitaji gundi. Unaogopa kano, tumia uzi wa kushonea viatu na gundi ya mbao. Mshale unapaswa kujishikilia kwenye uzi ukiuning'iniza, na kuanguka ukiugonga uzi kidogo kwa kidole. Ukihitaji kuuvuta utoke, pengo limebana.

Kwenye ufito hakuna pete za kuonekana hivyo, basi tumia kipimo cha misumari kuamua upande mgumu. Upande mnene wa ufito ukae mbele, mwembamba nyuma. Hili huwashangaza watu, lakini uzito unatakiwa mbele, na nyuma nyembamba hupita upinde vizuri.

Chembe cha shabaha si kitu cha kusumbua. Msumari wa inchi 4 uliokatwa kichwa, kipande cha sentimita 6, una kama gramu 6 au 7, na ndio uzito unaofaa. Toboa wano katikati kwa drili, kina cha sentimita 3.5, polepole, wano likiwa limefungwa kwenye jiriwa katikati ya vipande viwili vya mbao. Tundu likienda upande, kata sentimita 4 na uanze tena kama urefu unaruhusu. Kisha kinga mti usipasuke: omba fundi wa friji kipande cha bomba la shaba la inchi tatu kwa nane. Kwa nje lina milimita 9.5, sawasawa na wano lako, na kwa ndani kama 8. Punguza ncha ya wano iwe milimita 8 kwa urefu wa sentimita moja, ingiza pete ya shaba, halafu msumari na gundi ya aina mbili zinazochanganywa. Noa ncha kwa tupa, iwe mviringo butu kidogo. Ncha kali mno hukwama kwenye kila kitu na kupinda kwenye jiwe la kwanza. Bila ile pete, msumari hurudi nyuma siku mshale unapogonga mti mgumu, na wano hufunguka kama ndizi.

Usawa wa mbele na nyuma: laza mshale kwenye kidole. Kwa mshale wa sentimita 75, nukta ya kutulia iwe sentimita 7 hadi 11 mbele ya katikati. Ikiwa karibu na katikati, mshale utayumba. Ikiwa mbele zaidi, utaanguka mapema, na hilo ni kosa dogo.

Manyoya ndiyo sehemu ambayo watu huionea fahari na kuiharibu. Unyoya wa bata mzinga ndio bora, yale marefu ya bawa, na wafugaji wa bata mzinga wanayatupa. Bata bukini anafuata. Jogoo mkubwa anatosha kwa kujifunzia. Kanga ni mafupi. Manyoya ya tai na mwewe, hata uliyoyaokota, yaache: ndege hao wanalindwa na sheria. Na jambo la kushikilia ni hili: bawa la kulia na bawa la kushoto hayachanganywi kwenye mshale mmoja. Unyoya umepinda kwa maumbile, na mapindo hayo ndiyo yanayouzungusha mshale hewani. Ukiweka mawili ya kulia na moja la kushoto, yatapigana.

Pasua uti wa unyoya katikati kwa wembe, sugua upande wa chini juu ya msasa hadi uwe bapa na mwembamba kama kadi. Kata urefu wa sentimita 11, kimo cha sentimita 1.5 kikishuka kuelekea mbele. Kigezo cha bati la kopo la maziwa kinafanya yote yafanane. Kugawanya wano mara tatu, zungushia ukanda wa karatasi, ukate pale unapokutana, ukunje mara tatu, urudishe. Kwenye wano la 9.5 mzunguko ni karibu milimita 30, kwa hiyo ni milimita 10 kati ya unyoya na unyoya. Unyoya wa kwanza usimame pembe mraba na pengo la uzi, ukitazama mbali na upinde. Mawili mengine yatapita kando ya upinde bila kuugonga. Acha sentimita 2.5 kati ya manyoya na mwisho, nafasi ya vidole.

Gundi ya mbao, pini au uzi wa kushikilia, saa moja kwa kila unyoya. Ile gundi ya kushika papo hapo ni kishawishi, nayo hukauka ngumu na kubanduka vipande. Tega unyoya kidogo, digrii mbili tatu, usawa kwa yote matatu. Na sasa fanya kitu ambacho kitakuokoa damu: ncha ya mbele ya kila uti wa unyoya inyooshwe kwa msasa hadi ipotelee kwenye mti, kisha ifungwe uzi wa sentimita moja. Upinde wa kienyeji hauna rafu ya mshale. Mshale unapita juu ya kiungo cha kidole chako. Ncha ya uti iliyoinuka, mshale ukiwa katika mwendo, ni wembe. Kuna waliotolewa vipande vya unyoya hospitalini kwa sababu ya uvivu wa dakika mbili.

Baada ya hapo ni mafuta au vanishi, mipako mitatu myembamba, msasa namba 400 kati ya mipako, ukiruka pale pa manyoya kama ulikwisha kuyabandika. Bora upake kabla. Mvua za Kericho zitaupata mshale usiopakwa na kuurudisha kwenye kombo lake la zamani katika mchana mmoja.

Kabla ya kubandika manyoya kwenye seti nzima, bandika mishale mitatu na uache mmoja mtupu. Piga yote kutoka mita 8 au 10 kwenye gunia la nguo kuukuu. Ukiangukia kushoto kwa ile mingine, huo mtupu ni mgumu: weka chembe kizito zaidi, au msasa katikati ya wano, si kwenye ncha. Ukiangukia kulia, ni laini: kata sentimita moja mbele, jaribu, kata nyingine. Kila sentimita 2.5 zinazokatwa huongeza kama ratili 5. Usikate 5 kwa mpigo mmoja, mti haurudi. Kama saiprasi ilikuwa na nyuzi zinazotokea juu, zile ncha za nyuzi upande wa juu zielekee mbele, ili siku ukivunjika kibanzi kiruke juu na si kwenye mkono.

Kila jioni, kabla ya kurudisha mishale kwenye podo, ipitishe mmoja mmoja: kunja kidogo karibu na sikio ukiuzungusha, pitisha vidole kutoka pengo hadi chembe. Ukisikia mlio wa kukwaruza, au kucha ikikwama, usiupake gundi. Uvunje hapo hapo kwa goti, ili mtu mwingine asije akauokota na kuuweka kwenye uzi. Pete ya shaba na msumari vitoke kwa moto wa jiko, virudi kwenye kopo la akiba, pamoja na manyoya na kano. Manyoya yaliyolala yakishikwa juu ya mvuke wa sufuria husimama tena kwa nusu dakika. Kopo lenyewe lifunikwe na bati zito, kwa sababu nondo wanakula manyoya na panya wanapenda kano kuliko mahindi.